Iliyobaki Mkononi

Pete nzito ya funguo ilimwangukia msusi mguuni, katikati ya msongamano wa stendi.

"Pole sana, dada. Nimekuumiza?"

"Unafunga jela ngapi wewe?"

Kijana akacheka. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni, viatu vimelika visigino. "Nyumba za watu hizi. Mimi dalali. Yangu haimo hata moja."

Tangu siku hiyo akamwita Bwana Funguo. Jioni, vidole vikimuuma kwa kusuka kutwa, simu ya yule kijana ndiyo ilikuwa dawa.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula maneno ya wateja. Nimeshiba."

Siku moja akapiga huku anapayuka. "Laazizi, ile ghorofa niliyokuwa natembeza wateja imenunuliwa! Kamisheni milioni sita! Mwambie shangazi nakuja Jumapili kujitambulisha."

Shangazi aliyemlea msusi akafua mapazia, akatoa gauni la kijani ambalo huvaliwa kwenye shughuli maalumu tu. Jumapili ikapita. Simu ikaita bila kupokelewa.

"Milioni sita zimemwotesha mabawa," shangazi akasema, akivua hereni. "Kuna mwenzio anazila."

Msusi hata kulia alichoka. Kesho yake akarudi kusuka.

Katikati ya wiki Bwana Funguo akasimama mlangoni pa saluni, macho chini.

"Umefuata nini?"

"Nilikuonea haya, mpenzi. Nilikutajia ile kamisheni ya kwenye mkataba. Sisi madalali ndio ugonjwa wetu, mnunuzi akitia sahihi tu tunaanza kutamba. Ofisi ninayofanyia udalali imechukua nusu yake. Mafuta ya miezi yote ya kuzungusha wateja nilikuwa nimekopa, nimelipa. Halafu kodi ya serikali. Mimi sina mshahara, hakuna wa kunikatia, lazima nitenge mwenyewe. Mwaka jana sikutenga, nikapigwa na faini juu."

"Kwa hiyo mkononi una nini?"

"Pango la chumba kimoja nilichokipata na chenji kidogo. Sasa ningeingiaje kwa shangazi?"

"Kwa mlango, kama watu wengine." Akaweka kitana chini. "Nipeleke nikakione hicho chumba. Nitembeze kama mteja."

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, kinanuka rangi mbichi. Bwana Funguo akafungua mlango, akakohoa, ile sauti ya kazini ikagoma kutoka.

"Dari linavuja pale pembeni. Maji hutoka alfajiri tu. Ukuta mwembamba, jirani akikoroma utadhani mmelala naye."

"We! Dalali gani anataja ubaya wa nyumba?"

"Anayetaka mteja asihame."

Msusi akavua viatu, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Kijana akakaa kando yake, funguo zikalia mara moja, zikanyamaza.

"Uje Jumapili," msusi akasema, akimwegemea begani. "Na shangazi mtajie hiyohiyo ya mkononi."