Sufuria Isiyopumua

Muthokoi ni chakula kitamu, lakini ni kikaidi. Mahindi hutwangwa mpaka maganda yatoke, kisha huchemshwa na maharagwe kwa saa nyingi. Makaa huisha kabla chakula hakijaiva. Ndiyo maana Kamene alifurahi sana zamu yake ilipofika kwenye chama.

Kamene alikuwa fundi wa kushona nguo. Aliishi Mumbuni, mjini Machakos, pamoja na mumewe Masila. Chama chao kilikuwa na wanawake kumi na wawili. Kila mwezi walimnunulia mwenzao mmoja chombo cha jikoni. Mwaka huu walikubaliana kila mmoja apate sufuria ya presha, ile inayoivisha chakula upesi kwa nguvu ya mvuke. Walizinunua katika duka la Bartholomew, mzee wa kanisa lao. Kamene alikuwa wa tatu kupata. Risiti iliandikwa jina la chama, ikawekwa kwenye faili la chama.

Siku hiyo hiyo aliosha muthokoi. Alisoma karatasi ya maelezo mara mbili. Alijaza sufuria nusu, akaifunga, akawasha gesi. Karatasi ilisema sufuria itapumua mvuke kwa juu na kupiga kelele. Kamene alingoja kelele. Sufuria ilikaa kimya kama mgeni mwenye aibu.

"Hii nayo ina nini?" alijiuliza. Alizima gesi.

Kabla hajaondoa mkono, kifuniko kiliruka mpaka kwenye dari. Muthokoi wa moto ukamwagika kwenye mkono wake wa kulia, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Alilazwa hospitali siku tisa. Daktari alimwambia, "Ngozi itapona, lakini vidole vitakauka usipokuja kufanya mazoezi. Uje kila wiki, miezi sita." Mazoezi yalikuwa ya kulipia. Fundi wa nguo bila mkono wa kulia atalipa na nini?

Aliporudi nyumbani, alikuta mama mkwe wake, Nthambi, amekuja kutoka Ekalakala kumsaidia. Jikoni palikuwa safi. Sufuria ya presha iling'aa juu ya meza.

"Mama, nani ameosha hii?" Kamene aliuliza.

"Ni mimi," Nthambi alijibu kwa furaha. "Watu wanakuja kukuona, wakute sufuria imejaa mahindi ya juzi? Watasema mke wa mwanangu ni mchafu! Nimeisugua kwa majivu na waya. Hata kifuniko kilikuwa kimepinda, nikakigonga kwa jiwe kikanyooka."

Unamwambia nini mtu aliyekuharibia kitu kwa upendo?

Siku iliyofuata walikwenda dukani, yeye na Masila. Bartholomew aliwapa viti.

"Pole sana, binti yangu. Tumekuombea kanisani. Lakini niambie, nani alinunua hiyo sufuria?"

"Chama."

"Risiti ina jina lako?"

"Hapana. Lakini mkono ulioungua ni wangu."

"Sasa unaona? Mteja wangu ni chama. Chama hakijaungua. Tena mimi sitengenezi sufuria, mimi nauza tu. Nenda kwa aliyeileta kutoka nje."

Kamene alipiga simu kwa aliyeileta. Huko aliambiwa, "Sisi hatukukuuzia wewe, mama. Rudi dukani." Alirudi dukani. Akaambiwa mwenye duka ametoka. Alimwona mwenye duka amejificha nyuma ya ndoo.

"Aki, mnanizungusha kama pia!" alisema kwa sauti, na ndoo hazikujibu.

Jumapili baada ya ibada, Bartholomew alikuja nyumbani mwenyewe. Alibeba sufuria mpya na karatasi. Aliomba sala ndefu. Kisha akasema, "Tumalize kwa amani. Hii ni sufuria mpya. Nipeni ile ya zamani. Saini hapa tu, basi."

"Hiyo karatasi inasema nini?" Kamene aliuliza.

"Kwamba tumepatana."

"Saini, mama," Masila alimnong'oneza mkewe. "Ni mzee wa kanisa. Tutagombana naye mpaka lini?"

"Mazoezi ya mkono nitalipiwa na sufuria?"

"Mungu atafungua njia."

Kamene alichoka. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo jirani yao Nzisa alipoingia kuwajulia hali. Nzisa alikuwa msaidizi wa kisheria. Alifundishwa kuwaeleza watu haki zao, na alifanya hivyo hata mahali ambapo hakualikwa.

"Habari zenu? Naweza kuisoma?" Aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti: "'Mimi Kamene nimepokea sufuria mpya, na sitadai chochote tena, sasa wala baadaye.'"

"Mzee," Nzisa aliuliza, "sufuria iliyoharibika unaitakia nini?"

"Niitupe."

"Hata hapa kuna pipa la taka."

Bartholomew alisema ana mkutano wa wazee. Alichukua sufuria yake mpya, akaondoka.

"Kamene, kaa chini," Nzisa alisema. "Sheria ya Kenya inamlinda anayetumia kitu, si anayelipa peke yake. Kitu kikiwa kibovu kikakuumiza, unaweza kumdai aliyekiuza, aliyekiingiza nchini, na aliyekitengeneza. Jina kwenye risiti si kufuli. Wanachama watasema sufuria ulipewa wewe."

"Na wakili nitamtoa wapi?"

"Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisemea mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Lakini usikae sana. Mtu aliyeumizwa ana miaka mitatu ya kushtaki, na ushahidi hupotea mapema kuliko hapo. Sufuria iko wapi?"

Kamene alimwangalia mama mkwe. Mama mkwe aliangalia dirisha. Masila aliileta sufuria, inang'aa kama mpya.

"Mwaitu, mama yangu, uliisugua?" Nzisa aliuliza kwa heshima. Akashusha pumzi. "Siku nyingine, kitu kikimuumiza mtu, kiache kilivyo. Kipige picha, kiweke mbali na watu. Mabaki hayo ndiyo shahidi."

Alichomoa kijiti kwenye ufagio, akakiingiza kwenye tundu la mvuke juu ya kifuniko. Kijiti kiligota. Hakikutokea upande wa pili.

"Tundu halikutobolewa mpaka mwisho!" Kamene alisema. "Mvuke ungepita wapi?"

"Na wenzako waliopata kabla yako je?" Nzisa aliuliza.

Walikwenda kuuliza. Mmoja aliogopa kuitumia, akatia unga ndani. Wa pili aliiacha kwenye boksi aonyeshe wageni. Kijiti kiligota kwenye zote.

Nzisa aliwasaidia kupiga picha, kukusanya karatasi zote za hospitali, na kupeleka malalamiko kwa maafisa wa viwango vya bidhaa. Maafisa walizipima sufuria zote tatu, wakaandika ripoti, na zilizobaki dukani zikaondolewa. Kamene alimwandikia Bartholomew barua ya madai. Bartholomew hakujibu. Kamene akajaza fomu mahakamani.

Siku ya kesi kusikilizwa, Bartholomew alimwambia mwamuzi, "Sufuria hii imesuguliwa na kugongwa. Wao ndio waliiharibu."

Nthambi alisimama alipoitwa. "Nilisugua mimi. Nilikosa, nimekubali. Lakini mheshimiwa, na zile mbili nilizisugua? Nina mikono mingapi?"

Watu walicheka. Mwamuzi alisoma ripoti, akatazama karatasi za hospitali. Aliamuru Bartholomew amlipe Kamene gharama za matibabu, mazoezi ya miezi sita, siku alizokosa kazi, na fidia ya maumivu. Bartholomew alilipa.

Kamene hakukosa zoezi hata wiki moja. Mwezi wa tano wa mazoezi, alisikia hodi. Ni Bartholomew, ameshika kofia mkononi.

"Binti yangu, aliyeniuzia zile sufuria hashiki simu yangu. Nikienda, ananiambia nirudi kesho. Ananizungusha, yule mtu!"

"Kumbe inauma," Kamene alisema.

"Nimeambiwa naweza kumdai na mimi. Unisaidie kujaza fomu hii."

"Uko na risiti yake?"

"Niko nayo."

"Na boksi zenye jina lake?"

Bartholomew alikohoa. "Nilizichoma. Zilikuwa zinajaza stoo."

"Ngai!" Kamene alijishika kichwa. Alitaka kufunga mlango. Badala yake alivuta kiti, akaiweka fomu mezani, akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Ngozi ilikuwa bado imekaza, lakini vidole vilikunjika vizuri.

"Sema majina yako yote," alisema. "Na usisaini kitu mpaka nikusomee."