Mpaka Bibi Aseme Haya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Apolonia alikuwa na kazi moja isiyotaka pupa: kumwinua Bibi Paskazia kitandani. Kusema kweli, Bibi alijiinua mwenyewe. Kazi ya Apolonia ilikuwa kusimama imara kando ya kitanda, bega lake likiwa tayari, na kungoja. Bibi aliweka mkono begani kwa mjukuu wake, akauweka sawa mguu wa kulia uliokuwa mgumu tangu alipovunjika nyonga, akavuta pumzi, kisha akasema, "Haya." Hapo ndipo waliponyanyuka pamoja. Kabla ya neno hilo ilikuwa marufuku kumgusa, sembuse kumvuta.

"Wahaya nyie, hata kuamka kwenu mpaka 'haya'!" Mwamvita, jirani yao, aliwatania kutoka uani.

"Na wewe Mzaramo unaamka kwa nini, kwa ngoma?" Bibi alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Walikaa Temeke, katika nyumba ya kupanga yenye kibaraza kirefu. Baba yake Apolonia, Bwana Revelian, alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Bibi ndiye mama mzazi wa Baba. Alikuwa ameletwa Dar es Salaam kutoka Bukoba ili atibiwe nyonga, na madaktari walifanya walichoweza. Sasa, mwaka huo wa 1956, Bibi alikuwa na hamu moja tu, kurudi kwake akaione migomba yake. Lakini safari ya treni ya kuja ilikuwa imemtesa vibaya, na daktari alimkataza kabisa kuirudia.

Bahati nzuri kahawa ilipata bei mwaka huo. Wadogo zake Baba huko Bukoba walichanga nauli, wakaandika kwamba mama yao arudi kwa ndege mpaka Mwanza, kisha avuke ziwa kwa meli. Baba hakupata likizo. Kwa hiyo ilikubaliwa kuwa mkewe, mama yake Apolonia, ndiye atakayemsindikiza Bibi, pamoja na watoto: Apolonia mwenye miaka kumi na miwili, Adelard mwenye miaka minne, na Marselino, mtoto wa kunyonya.

Tangu siku ile Apolonia hakukamatika. Shule nzima ilijua kuwa atapanda ndege. Aliwaeleza wenzake habari za mawingu utadhani ameshayashika kwa mkono. Jambo moja tu lilimkera, nalo hakulisema kwa mtu. Kibaraza chao kilikuwa na ngazi, na Bibi alizipanda akiwa ameketi, kinyumenyume, akijisukuma kwa mikono kutoka kipandio kimoja hadi kingine. Wapita njia walisimama kutazama. Kila Bibi alipoanza kupanda, Apolonia alijifanya ana shughuli kisimani. Je, kule uwanja wa ndege, mbele ya watu wote wale, itakuwaje?

Siku ya safari ilifika na jua lake. Waliondoka Temeke kwa gari la kukodi, na kiti cha Bibi kikafungwa kwa kamba juu ya gari. Kilikuwa kiti cha mikono ambacho fundi seremala alikitia magurudumu madogo. Uwanjani palikuwa na joto na watu wengi. Adelard alitaka kukimbilia kila eropleni aliyoiona, Marselino alilia mpaka akakauka sauti, na Mama alikuwa na mtoto mkono mmoja na vyeti vya safari mkono wa pili. Apolonia alimshika Adelard kwa ukosi wa shati huku akisukuma kiti cha Bibi. Alilowa jasho, na gauni lake jipya likamganda mgongoni.

Wakati huo abiria walipimwa uzito pamoja na vitu vyao. Karani wa mizani, kijana nadhifu mwenye tai, aliwasalimu Baba na Mama kwa adabu. Akamwangalia Bibi pale kitini, kisha akamgeukia Apolonia.

"Bibi yenu anaweza kusimama kwenye mizani?"

"Hawezi," alijibu Apolonia upesi.

Bibi alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Haya binti, mizigo yenu mingapi?"

Apolonia alikuwa amechoka. Pia aliona watu kwenye foleni wakiwatazama, akataka awe mtu wa kuchekesha, si mtu wa kuonewa huruma. "Minne," alisema kwa sauti. "Sanduku, kikapu, kiti, na Bibi, maana naye hubebwa!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Karani naye alicheka, akachukua kipande cha karatasi ngumu chenye uzi, kile wanachokifunga kwenye mizigo, akakifunga kwenye mkono wa kiti. Kiti kilistahili kufungwa, kwani kingesafiri pamoja na masanduku. Lakini Bibi alikuwa bado ameketi juu yake. Alikitazama kile kikaratasi kikining'inia karibu na kiganja chake. Baba, aliyekuwa akimbembeleza Adelard kando, hakusikia, wala Mama, aliyekuwa amejitenga kumnyonyesha Marselino.

Waliagana na Baba kwenye uzio. Ndege ilikuwa imesimama mkia chini pua juu, na ngazi yake fupi imeegemezwa mlangoni. Wapagazi wawili walikuja haraka. Bila neno, mmoja alimshika Bibi kwapani, wa pili akamshika miguu, wakamnyanyua kama wanavyonyanyua gunia la mchele. Kitenge kilipanda mpaka magotini. Mguu wa kulia ulipinda, na Bibi akapiga ukelele ambao Apolonia hakuwahi kuusikia hata siku ile mbaya ya hospitali.

"Niwekeni chini! Niwekeni!"

Wakamrudisha kitini kwa woga. Bibi alivuta kitenge chake kikafunika magoti. Machozi yalimtoka.

"Mkwe wangu," alimwambia Mama, "nyie nendeni. Mimi nirudisheni Temeke. Nitafia huko."

"Mama, usiseme hivyo," Mama alisihi, naye machozi yakimlengalenga, Marselino akilia mgongoni. "Wanao wanakungoja Bukoba. Tutawaambia nini?"

"Waambie mzigo umepotea njiani."

Neno hilo lilimchoma Apolonia kifuani. Mama hakulielewa, kwa kuwa naye hakuwa amesikia ule mzaha. Bibi na Apolonia ndio pekee waliojua limetoka wapi.

Karani alikuja mbio. "Rubani anataka kuondoka. Asiyepanda sasa anabaki." Kama kawaida yake, alimwinamia Apolonia. "Binti, bibi yako anasemaje? Anapanda au hapandi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema, "Mbebeni tu, atanyamaza," na huenda wangembeba. Angefika Mwanza, angewasimulia wenzake mawingu. Alimtazama Bibi, akaona jinsi alivyokikumbatia kitenge chake, akaona aibu, na safari hii hakumwonea mtu mwingine, alijionea mwenyewe.

"Muulize mwenyewe," alimwambia karani. "Anasikia na anasema."

Kisha akapiga magoti pale pale juu ya lami ya moto, kama wasichana wa kwao wanavyowapigia wazee magoti. Tangu wahamie Temeke alikuwa ameiacha desturi ile kwa kuogopa kuchekwa.

"Bibi, nilikuita mzigo. Nilitaka watu wacheke. Nimekosa sana, Bibi. Nisamehe."

Mama aliziba mdomo kwa mkono.

"Sikuombi upande kwa ajili yangu," Apolonia aliendelea. "Ukitaka kurudi Temeke, nitarudi nawe. Ila nakuuliza. Wewe mwenyewe ungependa kupandaje?"

Bibi alimwangalia, kisha akaitazama ile ngazi. "Ngazi hii," alisema polepole kwa Kiswahili chake cha Bukoba, "si mbaya kuliko ya kibaraza chetu. Nitaipanda kwa makalio yangu mwenyewe. Kama ninyi hamtaona haya kunitazama."

"Lakini Bibi, abiria wengine..." alianza karani.

"Wewe kijana," Bibi alimkatiza, "tangu asubuhi umemsalimu mwanangu na mkwe wangu. Mimi hukunisalimu."

Karani alitazama chini, akakiona kile kikaratasi kwenye mkono wa kiti. Alikifungua haraka na kukitia mfukoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nishuke kitini, ndipo ukifunge karatasi yako kwenye kiti. Na hawa mabwana wasimame chini yangu, nikiteleza wanidake. Wasinishike nisipowaita."

"Sawa, Bibi."

Apolonia alisimama kando ya kiti, bega tayari. Hakuvuta wala hakuharakisha, ingawa injini za ndege zilishaanza kunguruma. Bibi aliweka mkono begani, akavuta pumzi.

"Haya."

Alikaa kwenye kipandio cha chini, akaupa mlango mgongo, akaanza kupanda. Apolonia alipanda akiwa mbele yake, kipandio kimoja chini, ameshika pindo za kitenge ili kisifunuke. Kwenye madirisha ya ndege nyuso zilijaa. Wengine walitabasamu, wengine wakakunja uso kwa kucheleweshwa. Apolonia aliwaona wote, na masikio yake yalipata moto, lakini kisimani kulikuwa mbali siku hiyo. Alibaki pale pale. Kila kipandio Bibi alipumzika, na kila kipandio alisema, "Haya." Walipofika juu, mmoja wa wale wapagazi alipiga makofi peke yake, kisha akajishtukia.

Ndani, sakafu ya ndege ilipanda kuelekea mbele kama kilima, na viti vyao vilikuwa huko juu. Mhudumu alianza kumwambia Mama jambo, akasita, akamgeukia Bibi. "Bibi, ungependa ukae hapa nyuma karibu na mlango?"

"Hapa panatosha," alisema Bibi, akaketi.

Ndege iliporuka, Marselino alilia masikio yakimwuma mpaka Mama alipomnyonyesha. Adelard alipewa pipi ya kumung'unya, akaimeza nzima, kisha akatapika kwenye mfuko ambao Apolonia alidhani ni wa kuwekea karanga. Chini yao vilima vya Pugu vilipita, vidogo na vya kijani. Apolonia hakuyatazama mawingu sana. Alikuwa bado na jambo moyoni.

"Bibi, bado umekasirika?"

"Nilikasirika. Niliumia pia. Sasa naumwa nyonga tu," Bibi alisema, akamshika mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kubebwa si aibu. Ulibebwa wewe, anabebwa Marselino, na mimi nilibebwa kwa machela mpaka kwenye meli nilipokuja huku. Lakini mzigo hausalimiwi, wala hauulizwi. Mtu husalimiwa akaulizwa. Ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza, kisha umngoje akujibu. Hata akiwa mzee, hata akiwa hawezi kusimama. Na wewe leo uliniuliza mbele za watu. Hilo nalo nimeliona."

Apolonia aliegemeza kichwa chake kwenye bega la Bibi, akalia kidogo, kisha akalala.

Mwanza walipokelewa na karani mwingine, mtu wa makamo mwenye haraka zake. Alimkuta Apolonia mlangoni mwa ndege akiwa na kikapu.

"Binti, mizigo yenu mingapi?"

"Mitatu," alisema Apolonia. "Sanduku, kikapu na kiti. Na abiria tuko watano."

"Na huyu bibi atashukaje?"

Apolonia alisogea kando, ili karani na Bibi waonane uso kwa uso.

"Shikamoo, Bibi," alisema karani.

"Marahaba," alisema Bibi Paskazia. Akaweka mkono wake kwenye bega lililokuwa likimngoja, akavuta pumzi. "Haya."