Sevu ya Kaka

Jua lilikuwa linazama mama alipopiga simu kutoka hospitali, kazini kwake.

"Kitinda, nikirudi nikute umefuta kila kitu kwenye ile kompyuta ya marehemu kaka yako. Mjomba wako anaipitia kesho. Mimi siwezi tena kuiangalia."

"Sawa, mama," Kitinda akaitikia, na wala hakuwa na nia ya kufuta kitu. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na gemu ya kaka yake, na ndani ya sevu yake, yaani mchezo aliouhifadhi, kulikuwa na mpiganaji aliyelelewa miaka minne, anayesimama ameinamisha kichwa kushoto kama kaka mwenyewe. Kumfuta huyo ni kumzika kaka mara ya pili. Hapo roho yake iligoma.

Alikuwa na dawa yake. Yeye naye alikuwa na gemu nyingine, na mpiga mishale wake wa kike. Na kulikuwa na modi, kipande cha programu kilichoandikwa na mtu asiyejulikana, kinachounganisha gemu hizo mbili ziwe dunia moja. Akaja chumbani kwa kaka na gemu yake kwenye flashi. Aunganishe, anakili, aondoke na kaka mfukoni.

Kwanza akampigia rafiki yake, yule wanayemwita Mtaalamu.

"Hii modi niitumie, nisiitumie?"

"Ukianza upya, tumia. Ila sevu za zamani usiziguse, shoga yangu."

"Kwani kutatokea nini?"

Mtaalamu akashusha sauti: "Zinagombania nafasi."

Haya, mtu akishaambiwa asiguse, si aache? Lakini Kitinda na ukaidi ni chanda na pete. Akachomeka flashi, akaiwasha modi.

Skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maneno: NANI AONGOZE, NANI AFUATE?

Hakufikiri hata kidogo. Akamweka kaka mbele. Tangu utotoni ndivyo ilivyokuwa, kaka anacheza, yeye anakaa pembeni kusubiri zamu yake.

Ndipo ikaja harufu. Dawa ya kuchua, ile aliyojipaka kaka kifuani miezi yake ya mwisho. Chupa yake ilishatupwa siku nyingi.

Ko. Ko.

Mtu aligonga meza kwa kucha, mara mbili. Kaka hakuwahi kubonyeza kitufe bila kugonga hivyo kwanza. Kitinda akageuka. Hakuna mtu.

Ko. Ko...

Akaangalia chini. Vidole vilikuwa vyake.

Jamani! Akataka kupiga yowe, kikatoka kikohozi. Kizito. Cha kiume. Kichwa chake kikainama chenyewe kushoto, na kwenye kioo cha skrini ukaakisiwa uso wa kaka.

Ndani ya skrini, lango la kutokea kwenye gemu lilikuwa limefungwa. Mpiganaji hakuwepo. Alikuwepo mpiga mishale peke yake, amekaza macho kwake, anapiga kioo kwa viganja viwili. Chini yake maandishi yakajiandika: *Kaka, nifungulie.*

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama alisimama na sare yake ya uuguzi, mkoba ukamponyoka.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nilijua. Nilijua tu utarudi."

"Mama, ni mimi..." Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Mama akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwa amecheka tangu msiba. Kitinda alitaka kumsukuma, amwambie atazame skrini, lakini mikono ikamzunguka mama na kumbembeleza kwa upole, bila kumuuliza yeye.

Mama akafuta machozi, akaangaza huku na huku.

"Mdogo wako yuko wapi? Nilimwambia afute hili dude. Hasikii yule!" Akaisogelea kompyuta. Kwenye kioo viganja vilipiga bila mlio. "Haidhuru, tufute wenyewe. Sasa hatulihitaji tena. Kitufe ni kipi, baba?"

Kitinda akajitahidi kwa nguvu zake zote kuuzuia mkono wake.

Mkono ukagonga meza mara mbili.