Bado, Ongeza

Shati la daktari wa meno hunuka dawa, hilo mkewe alishalizoea. Lakini sasa lilirudi nyumbani likinukia asumini mbichi, kama kuna mtu katoka kulilalia muda huohuo. Mke akalinusa, akalikunja, akanyamaza. Wivu wa mtu anayenyamaza, uogope.

Jino lake lilikuwa limetoboka kweli, ila kilichompeleka kwenye zahanati ya mumewe ni kufumania. Akakuta chumba kimoja, kiti cha kulazia wagonjwa, taa, trei ya vyuma. Mwanamke hakuna. Harufu ipo.

"Humu unafanya kazi na nani?"

"Peke yangu, mke wangu. Lala nikuchome ganzi, tuling'oe."

Akamchoma. Mdomo ukafa, shavu likafa, ulimi ukalala. Daktari, kampa mgongo akipanga vyuma vyake, akauliza kama anavyowauliza wote, "Pamekufa?"

"Bado," ikajibu sauti. "Ongeza."

Sauti ilikuwa ya mkewe, na mkewe hakusema kitu. Alitaka kupiga kelele, lakini mdomo haukumtii, mume akaja na sindano, akaongeza, akauliza, na sauti ikajibu tena bado, ongeza, kwa deko ambalo mke hakuwahi kumfanyia hata enzi za uchumba, na ganzi ikateremka shingoni, mabegani, ikaishika mikono aliyotaka kumzuia nayo, huku asumini ikimlalia kifuani, kumbe ni jini la kike, nalo likimnong'oneza sikioni: "Miaka yote nakaa naye humu mchana kutwa, jioni anakurudia wewe. Unajua wivu unavyochoma, shoga?"

Alijua, tena vizuri mno.

"Pamekufa?"

"Pamekufa, mume wangu."

Jino likang'oka, mgonjwa hata uso hakukunja. Jioni, nyumbani, daktari akavua shati akampa mkewe, naye akalitupa kwenye nguo chafu.

"Leo hulinusi?" akamtania.

"Nitafute nini? Si nimeshinda nawe."

Daktari akacheka. Moyoni alishukuru kwamba wivu umemtoka mkewe. "Na ganzi, imeisha?"

"Zamani."

Haikuwa imeisha. Ndani kabisa, nyuma ya macho yale, mkewe alikuwa macho, anautazama mkono wake mwenyewe ukimpapasa mumewe shavuni, taratibu, kwa raha ya mwanamke mwingine. Yeye hakuhisi kitu.