Meza Moja na Mama Mkwe

Siku ya treni ya Kamina, kituo cha Kindu ni vurugu tupu, na katika vurugu hizo Tshimanga, karani wa reli, alimkanyaga Musau mguu.

"Pardon, mama!"

"Mama yako nani? Mimi sijazaa."

Wakacheka. Mwaka haujaisha, Tshimanga alikuwa ameshapeleka posa kwao Musau, mtaa wa Alunguli, na simu ya hotelini alikofanya kazi Musau ililia kila adhuhuri, Tshimanga akimpigia.

Hoteli hiyo mpya ya bandarini ilikuwa ya kampuni kutoka Ubelgiji, na Musau, kitenge kimenyooshwa pasi na maringo tele, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukumbi wa chakula. Siku ya ufunguzi, mkurugenzi Gérard alitaka wafanyakazi walete jamaa zao. Kitabu cha kampuni kilisema: familia moja, meza moja.

"Hata wakwe, patron?" Musau alimuuliza bosi wake.

"Kwani wakwe si familia?"

Musau alijua vizuri kwamba kwa desturi ya Kasai, asili yao wote wawili, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Lakini aliogopa kuonekana mshamba. Akapanga viti kwa mikono yake mwenyewe.

Mama yake, Bitota, alipomwona Tshimanga ng'ambo ya sahani alijifunika uso kwa kitenge. Tshimanga aliruka, kiti kikaanguka, akatoka. Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Musau alitamani ardhi immeze.

Siku nne simu haikulia. Ya tano akapiga Musau mwenyewe.

"Mupenzi, uko na kasirani?"

"Wajomba zako wanasema posa imevunjika. Ulitaka Wazungu wanicheke?"

"Hapana! Niliona haya kumuelezea patron desturi yetu."

"Ulituonea haya siye," Tshimanga alisema polepole, akakata.

Jumapili Tshimanga alifika Alunguli na suti safi ya abakosti, kuku mweupe mkononi: faini ya mkwe aliyekosa heshima. Bitota alibaki nyuma ya mlango. Tshimanga akapiga magoti mbele ya wajomba.

"Nilikosa. Nilikaa mbele ya mama."

Haya ikamchoma Musau kuliko siku ile ya ufunguzi. Angenyamaza, angeolewa salama.

"Anasema uongo!" alilia. "Ni mimi njo nilipanga viti. Nilijua, na nikapanga."

Wajomba wakaguna. Sauti ya Bitota ikatoka nyuma ya mlango.

"Musau, pokea kuku ya mukwe wangu. Kesho na weye utaniletea yako. Na harusi tutafanya hapa ku nyumba, kila mutu pahali pake."