Mchele wa Kiganja

Msimu wa maua ya miti ya mahua, maua matamu ya kula na kuuza, ukifika, watoto wa kijijini kwa akina Sushma hawajui tena usingizi ni nini. Kabla jua halijachomoza, Sushma Tirki huwa ameshainama chini ya miti na kapu lake, anaokota maua yaliyodondoka kabla mbuzi wa watu hawajayamaliza. Akirudi hupika, humwogesha Bibi, huwavisha wadogo zake, kisha hushika njia ya shule ya misheni. Baba na mama walikuwa mbali kwenye matanuri ya matofali, na wasingerudi mpaka mvua zianze. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa, wala hakuwa na wa kumwambia.

Shuleni kwao Kwaresima ina desturi yake. Kila nyumba, kabla ya kuinjika chungu, hutenga kiganja kimoja cha mchele. Ijumaa watoto huja na vifuko vyao, wakamimina mmoja mmoja ndani ya debe la darasa mbele ya wenzao, na masista huwapikia wazee wasio na watu. Sushma ndiye aliyekuwa kiranja, mwenye utepe wa buluu, na kiranja ndiye hutangulia kumimina.

Wiki ile hakutenga hata punje. Mchele wa nyumbani ulikuwa umebaki kidogo tu mtungini, na Bibi alikuwa akijifanya ameshiba ili wajukuu wale. Lakini yeye kiranja aende mikono mitupu? Aibu hiyo aliiona kubwa kuliko njaa. Alhamisi, zamu ya kufagia stoo ilipowaangukia yeye na mwanafunzi mwenzake Basanti, alingoja Basanti aende kuteka maji, akafunua debe lililowekwa humo na mchele wa wiki zilizopita, akajaza kifuko chake. Alijiambia kwamba haibi, maana kesho mchele ungerudi palepale.

Kumbe haraka ilimponza. Asubuhi Sista Albina, mwalimu wao, alikuta kifuniko kimekaa upande na punje zimetapakaa sakafuni. Akauliza nani waliofagia. Wasichana wawili wakasimama, na darasa zima likamtazama mmoja tu, Basanti, ambaye baba yake anajulikana kila mahali kwa ulevi.

“Ndiyo maana leo kifuko chake kimenona,” alisema Kornel, mwanafunzi mwenzao, kutoka nyuma. “Watu wengine bwana, hata vizee hawavionei huruma.”

Basanti alijaribu kueleza kwamba yeye na mama yake walitenga kila siku. Akaketi, akalaza kichwa juu ya dawati. Sista alimgeukia Sushma, akamuuliza aliona nini.

“Sikuona kitu, Sista.”

Basi aliambiwa atangulie kumimina. Alisimama mbele ya debe, kifuko mkononi, na mkono ukakataa. Maua, kuni, maji, vyote hivyo alikuwa akivibeba na kuvitua. Hili la Basanti alijua hatalitua popote.

“Sista, huu si wangu,” alisema. “Niliuchota humu humu jana. Basanti hana kosa. Nyumbani mchele umetuishia.”

Akaurudisha mchele debeni, kisha akafungua utepe mwenyewe. Sista aliupokea, wala hakumwambia abaki nao. Alimtaka amwombe Basanti radhi palepale aliposingiziwa, na Kornel naye vilevile. Kisha akavuta kiti, akaketi, naye alionekana amechoka.

“Kuchota ni kosa, mwanangu,” alisema. “Kumwacha mwenzako aitwe mwizi ni kosa kubwa zaidi, na namshukuru Mungu umelikatiza. Lakini sikilizeni nyote. Kiganja hiki si cha kuonyeshana. Aliye nacho atoe, aliyeishiwa aseme. Na mimi, Sushma, nimekuona ukisinzia mwezi mzima, nikakugombeza tu, sikukuuliza. Hapo nimekosa mimi.”

Mchana Sista alimpa Sushma kapu la mchele apeleke nyumbani. Basanti alishika mpini wa pili bila kuombwa. Walifika nusu ya njia.

“Ungenyamaza kweli?” Basanti aliuliza.

“Nilikaribia.”

Basanti hakuliachia kapu.

Bibi alisikiliza habari yote, akashusha pumzi, akainuka taratibu kubandika maji. Kabla hajatia mchele chunguni, alichota kiganja kimoja, akakimimina ndani ya kifuko kitupu cha Sushma.

“Bibi, si tumepewa huu?”

“Ukishaingia nyumbani kwangu ni wangu,” Bibi alisema. “Na Ijumaa ijayo utaupeleka wewe, uwe na utepe au usiwe nao. Kikiwa kidogo, na kiwe kidogo. Utakaposimama mbele ya wenzako, utakuwa unamimina kilichotoka kwetu.”