Dau la Kiti

Kwanza ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua, saa nane mchana, katika saluni ambayo mashine zote zilikuwa zimezimwa. Kinyozi aliinusa, akasonya, akarudi nyuma ya pazia walikokuwa wakicheza poka kwa njiti za kiberiti. Hakuwa na muda wa harufu. Alikuwa na watu wawili wa kuwadharau.

Na kudharau alikujua, bwana. Alikuwa amenyoa shingo za watu miaka ishirini, akajifunza kuzisoma. Mshipa wa Fundi Viatu uliruka kila alipopata karata nzuri. Koo la Mwalimu mstaafu lilipanda na kushuka kila alipotishia kwa karata mbovu.

"Nyie ni vitabu vya chekechea," aliwaambia. "Herufi kubwa, picha nyingi."

Mgeni aliyekuja kunyolewa akaomba naye agawiwe. Kinyozi akamtupia jicho shingoni, kisha akatazama tena. Mshipa haukucheza hata kidogo. Akajiambia huyu ni mjinga tu, asiyejua hata kuogopa.

"Njiti hazininogei," mgeni alisema. "Tuweke dau la maana. Mimi nataka kiti."

Kinyozi aligeukia kiti chake cha kunyolea, kile chekundu cha kuzunguka, akacheka mpaka machozi. "Mtu mzima huna kiti kwako?"

"Sina. Wa mwisho alizeeka."

"Kiti hakizeeki, kinachakaa! Na si 'wa mwisho', ni 'cha mwisho'. Shuleni ulikwenda kulala?"

Mwalimu hakucheka. Alimvuta Kinyozi shati, akamnong'oneza, "Ndugu yangu, acha. Mtu anayepandwa na jini anaitwaje? Si kiti?"

"Wewe nawe! Umeishiwa karata, sasa unaleta mapepo?" Akamgeukia mgeni. "Ukishinda, kiti ni chako."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu, mbele ya hawa mashahidi wangu wawili, vichwa maji."

Karata zikagawiwa, Kinyozi akabwaga ree tatu. Mgeni akazipiku kwa karata za mbili zote nne, akizilaza taratibu, na ile harufu ikarudi, safari hii ikitokea ndani ya pua ya Kinyozi mwenyewe, ikafuatiwa na baridi iliyoanzia kiunoni ikapanda uti wa mgongo pingili kwa pingili, mpaka akahisi mtu mzima anajikalisha ndani yake, mgongo juu ya mgongo wake, mikono juu ya mikono yake, akijisogeza huku na huku kama anayetafuta mkao mzuri, na alipotaka kupiga yowe akakuta mdomo umeshachukuliwa. Mahali pa mgeni palibaki shati tupu.

Kesho yake mganga aliitwa nyumbani kwa Kinyozi, akamkalisha sebuleni, mke na mashahidi wakiwa wamejibanza ukutani.

"Toka!" mganga aliamuru.

"Nitoke niende wapi?" sauti ilijibu kwa upole. "Nimepewa."

"Alitoa kwa hiari?"

"Alitoa," Mwalimu alinong'ona.

"Tena alicheka," aliongeza Fundi Viatu. "Samahani, shemeji."

Mganga alishusha pumzi. "Basi mwenye uwezo wa kumkataa ni mkewe peke yake. Mama, sema tu 'simtaki', atatoka sasa hivi. Ukinyamaza, mumeo harudi tena."

Huko ndani Kinyozi alitulia. Mwanamke huyu alimjua nje ndani. Angesema, tena kwa kilio.

Mke alimsogelea mumewe.

"Jana nimerudi sokoni," alisema kwa sauti ya chini, "akanipokea kikapu mlangoni. Akaniuliza nimeshindaje. Nikamweleza, akakaa kimya mpaka nikamaliza." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Miaka kumi na tisa, mganga. Niacheni naye."

Kinyozi alipiga kelele kwa nguvu zake zote, akimwita mkewe kwa majina matamu ambayo hakuwahi kumwita, na mdomo wake ukafunguka kwa adabu.

"Asante, mke wangu. Kaa basi, utachoka kusimama."